Malalamiko ya maadili dhidi ya mshauri nasaha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mkoani Kigoma

Maswali haya yametoka kwa watu wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Kasulu na Kibondo: wateja, ndugu wa wateja, na wenzetu wachache wa fani waliopokea barua ya kutakiwa kujieleza. Anayejibu ni mtu wa fani hiyohiyo ya ushauri nasaha. Sina ugomvi na washauri, ila mlalamikaji kuzungushwa ofisi kwa ofisi kunaniudhi. Kama una haraka, soma swali la kwanza na lile la kuandika barua, mengine utayasoma jioni.

Mshauri wangu amenikosea. Malalamiko nayapeleka wapi?

Kabla ya kushika kalamu, jiulize jambo moja: mtu huyu mamlaka ya kunihudumia kayapata kwa nani? Chama cha kitaaluma kinaweza kumnyang'anya mtu kile tu kilichompa, yaani uanachama na heshima inayoambatana nao. Leseni hutolewa na baraza la taaluma, ajira hutolewa na mwajiri, na jela ni kazi ya mahakama. Zipo barua zilizoandikwa vizuri, zenye uchungu wa kweli, zinazokaa miezi kwenye ofisi isiyo na uwezo wa kufanya lolote, huku mwenye barua akidhani amepuuzwa.

Kwa hapa kwetu, kama aliyekuhudumia ni daktari, akiwemo daktari wa magonjwa ya akili, anasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Muuguzi yuko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, lenye sheria yake ya mwaka 2010. Mwanasaikolojia anaweza kuwa mwanachama wa Chama cha Wanasaikolojia Tanzania, TAPA, na hapo ndipo suala la chama linapoingia. Mwajiriwa wa halmashauri ana mkurugenzi wake na ngazi za nidhamu za utumishi wa umma. Wa shirika ana uongozi wa shirika. Hukatazwi kugonga milango miwili kwa pamoja, mradi kila barua iseme wazi kwamba nyingine umeipeleka wapi.

Kama kilichotokea ni jinai, yaani kubakwa, kushikwashikwa, kupigwa au kutapeliwa, nenda polisi kwanza. Kwa ukatili wa kijinsia tafuta kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitalini, uichukue siku hiyohiyo. Kamati ya maadili ya chama haina uwezo wa kumkamata mtu.

Nitajuaje kama amesajiliwa au ni mwanachama?

Muulize namba yake, kisha hakikisha kwa chama au baraza lenyewe. Mtu mwenye usajili halisi hakasiriki kuulizwa. Cheti cha semina ya siku tatu kilichotiwa fremu na kutundikwa ukutani si leseni, hata kama kina muhuri mkubwa.

Lipi ni kosa la maadili, na lipi ni huduma mbaya tu?

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapokwama. Kamati haiulizi kama uliumia. Inauliza kama alichofanya mshauri, kikithibitika, kinavunja kanuni fulani ya maadili iliyoandikwa. Mshauri aliyechelewa, aliyekujibu kwa ukavu, au ambaye vikao vyake havikukusaidia anaweza kuwa mshauri dhaifu bila kuwa mvunja maadili. Lawama ya namna hiyo inamfaa msimamizi wake kazini.

Yanayotambulika karibu kila mahali ni haya: kutoa siri, kufanya ngono na mteja, kukopa au kuomba fedha nje ya malipo ya huduma, kujidai ana ujuzi asio nao, kumtelekeza mteja katikati ya hali ya hatari, na kutumia kikao kumshinikiza mteja abadili dini au chama cha siasa.

Kisha kuna lile linalotusumbua sana miji midogo: uhusiano wa pande mbili, yaani mshauri wako kuwa pia ndugu, jirani au mnunuzi wako. Kigoma mshauri wako anaweza kuwa binamu wa shemeji yako, anaimba kwaya moja na mama yako, na dagaa ananunua kwako. Ukisoma kanuni kwa haraka utadhani hayo yote ni makosa. Siyo. Kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambazo vyama vingi duniani hupenda kuziangalia, zinasema uhusiano wa ziada ambao kwa akili ya kawaida hautarajiwi kudhuru kazi wala kumnyonya mteja si kosa. Kununua dagaa kwako kwa bei ya soko hakuna neno. Kuchukua dagaa kwa mkopo, asilipe, nawe ukashindwa kumdai kwa sababu anajua siri zako, hilo ni kosa, na lina jina: unyonyaji.

Alitoa siri yangu. Hakuna wakati anaporuhusiwa?

Upo. Akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, mahakama ikiamuru, au ukimpa ridhaa mwenyewe. Kwa mtoto kuna zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa hiyo mshauri aliyekwenda kwa afisa ustawi wa jamii kwa sababu ulimwambia binti yako wa miaka 13 anaozeshwa, hajakusaliti.

Ila hata hapo anatakiwa aseme yanayohitajika tu, kwa anayehitajika tu. Aliyeruhusiwa kumwambia afisa ustawi hakuruhusiwa kumwambia mke wa mwenyekiti wa mtaa.

Kuhusu majibu ya VVU, siri hiyo inalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na kuivujisha ni kosa la jinai, achilia mbali maadili. Tangu mwaka 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, ambayo ina tume yake ya kupokea malalamiko. Mlango huu watu wengi bado hawaujui, na kwa mafaili yaliyoachwa wazi mezani au picha za mafaili zilizorushwa kwenye simu, unafaa kuliko ule wa chama.

Tulikuwa wapenzi, na mimi mwenyewe nilikubali. Bado ni kosa?

Kama ulikuwa mteja wake, ndiyo, na kosa ni lake. Nasisitiza kwa sababu wanawake wengi hunyamaza wakidhani kukubali kwao kumemsafisha mshauri. Yeye ndiye anayejua ulivyolia, unachokiogopa, na ni wapi ukiguswa unalegea. Ridhaa inayotolewa katika hali hiyo kanuni haziihesabu.

Je, baada ya huduma kwisha? Vyama vinatofautiana. Kanuni za wanasaikolojia wa Marekani zinakataza kwa angalau miaka 2, na hata baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna unyonyaji ni wa mwanasaikolojia. Chama cha washauri wa nchi hiyohiyo kinakataza kwa miaka 5. Kumwambia mtu "tumefunga faili leo, kesho tutoke" hakumwokoi mshauri popote.

Kama alidai ngono ndipo akuhudumie, au akuandikie barua, au akuweke kwenye orodha ya msaada, hiyo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaihusu, na TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo.

Ni lazima nikakae naye kwanza tuyamalize?

Kwa jambo dogo, vyama vingi hupenda mjaribu: ada iliyozidishwa, kikao kilichofutwa bila taarifa, barua aliyosahau kuandika. Kwa ngono, vitisho au siri iliyovuja, hapana. Hakuna anayeweza kukulazimisha urudi peke yako kwenye chumba kile. Usikubali pia kikao cha "kuyamaliza kifamilia" kinachoitishwa na wazee wake. Wazee wana heshima yao, lakini mbuzi mmoja na shilingi laki tano havimzuii kumfanyia mwingine.

Barua ya malalamiko inaandikwaje?

Kwa Kiswahili chako cha kawaida. Huhitaji wakili wala maneno ya mahakamani. Andika jina lako na namba ya simu, jina la mshauri na mahali anapofanyia kazi, ulianza lini na uliacha lini kuhudumiwa, kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, ushahidi ulionao, na unachotaka kifanyike. Kurasa mbili zinatosha.

Tofauti ya barua inayofika mbali na inayokwama huwa kwenye sentensi. Tazama hii:

"Ni tapeli asiye na utu, anajulikana mji mzima."

Na hii:

"Tarehe 14 Machi, saa tisa alasiri, kwenye kikao cha tano, aliniomba shilingi laki mbili za kuongezea kodi ya nyumba. Nilimtumia kwa simu siku hiyohiyo saa kumi na moja. Ujumbe wa muamala nimeuambatanisha. Tangu hapo amefuta vikao viwili bila kunipa siku nyingine."

Ya kwanza mshauri ataijibu kwa neno moja: si kweli. Ya pili itabidi aeleze laki mbili zilikwenda wapi. Kama tarehe huikumbuki, sema "wiki ya kwanza baada ya Idi" au "siku chache kabla shule hazijafungwa". Kukisia tarehe ni hatari, kwa sababu ukikosea moja atang'ang'ania hiyohiyo mpaka mwisho.

Ujumbe wa simu usiufute, hata ule unaokuaibisha. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, siku na saa, kisha mtumie nakala mtu unayemwamini, maana simu huibiwa na nyingine hudumbukia ziwani. Ujumbe wa sauti uhifadhi kama ulivyo. Ukikabidhi barua kwa mkono, ingia na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiyetaka kugonga muhuri, mwandike jina lake na tarehe mbele yake.

Naweza kulalamika bila kutaja jina langu?

Kwa kamati ya maadili, mara nyingi haiwezekani. Anayelalamikiwa ana haki ya kujua ametuhumiwa nini na nani ili ajitetee, na ukiwaza angekuwa ndugu yako ungeidai haki hiyo. Unachoweza kudai ni jina lako lisitoke nje ya wahusika, na kamati isiwe na mtu anayefahamiana na pande zote mbili. Hili la pili liandike kwenye barua yako tangu siku ya kwanza. Kwa fani yenye watu wachache kama yetu, si kulialia.

Jiandae pia kwa jambo ambalo huwashtua wengi: utatakiwa kusaini ridhaa ya mshauri kufungua faili lako mbele ya kamati, kwa sababu bila hiyo hawezi kujieleza bila kuvunja siri. Unaweza kuomba kamati isome sehemu zinazohusu malalamiko peke yake.

Taarifa isiyo na jina inafaa zaidi kwenye sanduku la maoni la mwajiri au kwa TAKUKURU, ambako inaweza kuanzisha uchunguzi hata kama haimalizi kesi.

Baada ya kupokelewa, nini kinafuata?

Majina ya hatua hutofautiana, mwendo ni uleule. Kwanza kamati huangalia kama mtu ni mwanachama wao na kama jambo limefika ndani ya muda. Kwa mfano chama cha washauri cha Uingereza, BACP, huhesabu miaka 3. Pili huuliza swali nililolisema juu: yakithibitika, yanavunja kanuni gani? Malalamiko yasiyopita hapo hufungwa kwa barua. Yanayopita hupelekwa kwa mlalamikiwa, naye hupewa siku kadhaa za kujibu kwa maandishi. Ndipo watasoma pande zote, wataita mashahidi wakiona haja, na wataamua kwa karatasi au kwa kikao.

Kipimo cha ushahidi kwa kawaida si kile cha kesi ya jinai. Wanaangalia upande upi una uzito zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa na mahakama na bado akafutwa na chama chake, na hakuna mgongano hapo. Kama kesi iko polisi au mahakamani, kamati nyingi husubiri kwanza, na kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu. Dai uambiwe kwa maandishi kwamba shauri limesimama, halijafungwa.

Itabidi nisafiri hadi Dar es Salaam au Dodoma?

Omba mapema usikilizwe kwa simu au kwa video. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu wa Uvinza au Kakonko hawezi kupoteza wiki nzima kwa kikao cha saa moja. Maombi haya hukubaliwa kirahisi yakija na barua ya kwanza kuliko yakija siku mbili kabla ya kikao. Ukiwa na haja ya msindikizaji au mkalimani, sema.

Adhabu ni zipi? Nitarudishiwa fedha zangu?

Onyo, karipio, kutakiwa kusoma upya au kufanya kazi chini ya msimamizi, kusimamishwa, kufutwa uanachama. Baadhi ya vyama hutangaza majina ya walioadhibiwa, BACP wakiwemo. Fidia huwa si kazi ya kamati ya maadili. Fedha zinadaiwa kwa mwajiri au mahakamani, na yale maamuzi ya kamati unaweza kwenda nayo huko kama kielelezo.

Amejitoa kwenye chama, au hakuwa mwanachama kabisa. Basi imeishia hapo?

Kwa chama, mara nyingi ndiyo. Mfano unaojulikana duniani ni wa James Mitchell, mwanasaikolojia wa Marekani aliyehusishwa na mahojiano ya mateso ya shirika la ujasusi la nchi hiyo baada ya 2001. Chama cha wanasaikolojia kilipobanwa, hakikuwa na la kumfanya: hakuwa tena mwanachama. Mwaka 2010 kiliiandikia bodi ya leseni ya Texas kwamba mwanachama ambaye tuhuma kama zile zingethibitika dhidi yake angefukuzwa. Bodi ikayatupa malalamiko mwaka uliofuata. Na mwaka 2015 uchunguzi huru ulioongozwa na wakili David Hoffman ukaeleza jinsi viongozi wa chama hicho kikubwa walivyoshirikiana na watu wa wizara ya ulinzi, na jinsi malalamiko ya maadili yalivyoshughulikiwa kwa kuwakinga waliolalamikiwa. Nalitaja kwa wale wanaodhani kulindana ni ugonjwa wa Waafrika.

Vyama vingi siku hizi vina kanuni kwamba mtu akishalalamikiwa hawezi kujiuzulu ili kukwepa. Kwa asiye mwanachama, rudi swali la kwanza: nani anamlipa, nani alimpa leseni, na kama kuna jinai. Majirani zetu Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, yenye bodi yake, kwa hiyo kama unahudumiwa kwa simu na mtu aliyeko Nairobi, uliza amesajiliwa huko.

Niko kambi ya wakimbizi. Mshauri ni wa shirika. Inakuwaje?

Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Oktoba 2003 unakataza wafanyakazi kufanya ngono na mtu chini ya miaka 18, au kutoa fedha, kazi au msaada kwa ajili ya ngono, na mashirika yanayoshirikiana na UNHCR hubanwa na masharti hayohayo. Kulalamika hakupunguzi mgao wako wala hakugusi faili lako la ukimbizi. Anayekutisha hivyo ameongeza kosa la pili.

Usimsahau mkalimani. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na watu wameishi jirani kwa muda mrefu. Siri nyingi zinazosemekana zimetolewa na mshauri zimepita kwa aliyekuwa anatafsiri. Yeye naye amefungwa na siri, na shirika linawajibika kwa ajili yake.

Na mchungaji, shehe, mwalimu wa malezi?

Mchungaji na shehe wana ngazi zao za dini, chama cha wanasaikolojia hakiwagusi. Mwalimu wa shule ya umma yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, yenye ofisi hadi wilayani. Akiwa mtoto ndiye aliyeumizwa, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, usisubiri kikao cha shule.

Nimeshaanika yote kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Nakuelewa, lakini futa. Barua kwa mamlaka husika, iliyoandikwa kwa nia njema, ni jambo moja. Tuhuma kwenye kundi la watu mia mbili zinaweza kukugeuza mshtakiwa, kwa kashfa au chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Pia unawaharibia wengine: mashahidi wakishasoma maelezo yako, mlalamikiwa atasema wameyakariri.

Mimi ndiye niliyelalamikiwa. Nifanye nini?

Usimpigie simu mteja. Usimtume mtu. Usiguse faili, hata kusahihisha tahajia, maana maandishi yaliyoongezwa baadaye huonekana na yanaweza kukumaliza kuliko kosa lenyewe. Mwone msimamizi wako wa kitaaluma, jibu kwa maandishi ndani ya muda, hoja kwa hoja, na utoe siri zile tu zinazohitajika kujitetea. Kumpeleka mlalamikaji mahakamani au kumkatia huduma kwa kulipiza kisasi ni kosa jingine.

Malalamiko ya uongo yapo. Ni machache kuliko tunavyopenda kuamini sisi wa fani.

Nikighairi katikati je?

Unaweza kujitoa kwa barua fupi bila kueleza sababu. Kamati inaweza kuendelea bila wewe ikiwa ina ushahidi wa kutosha na inaona wateja wengine wako hatarini. Ikishindwa, itafunga shauri lakini barua yako itabaki kwenye kumbukumbu, na akija mlalamikaji mwingine mwenye habari inayofanana, unaweza kupigiwa simu kuulizwa kama sasa uko tayari. Ukibadili namba ya simu, wajulishe.